Kutoka Bunia hata Kinshasa ni Saa Ngapi?

Mwaka jana, jioni moja, mzee jirani yetu hapa Bunia alipata habari ya msiba kwa simu. Mdogo wake, mwana wa mama mmoja naye, amefariki dunia mjini Kinshasa. Watoto wa marehemu walimwuliza neno moja tu: "Baba mkubwa, tukungoje mpaka lini?"

Mzee huyu ni mtu wa utaratibu, hajibu neno kwa haraka. Alimtuma mjukuu wake kuuliza habari za ndege. Mjukuu akarudi na majibu mawili: ndege itaondoka kesho kutwa saa tatu asubuhi, na mwendo wa angani ni saa mbili na nusu. Mzee akahesabu kwa vidole. Saa tatu ukizijumlisha na saa mbili na nusu wapata saa tano na nusu. Basi akawaambia wa Kinshasa, "Mzikeni saa nane mchana. Hapo mimi nitakuwa nimekwisha fika zamani."

Alifika makaburini saa kumi na dakika thelathini na tano. Watu walikuwa wamekwisha tawanyika. Vijana wawili walikuwa wakisawazisha udongo kwa sepetu, na mjane ameketi juu ya jiwe akimngoja shemeji yake. Walikuwa wamevuta muda hata saa tisa. Lakini nyuma yao palikuwa na msiba mwingine, na mwingine tena, nao hawakuweza kuvuta zaidi.

Aliporudi Bunia alinijia nyumbani. "Mwalimu," akasema, "wewe wawafundisha watoto wetu hesabu. Niambie basi, mwanangu, nilikosea wapi? Tatu na mbili na nusu si tano na nusu?"

Nikamjibu, "Ni tano na nusu, Baba. Kujumlisha ulijumlisha vema. Ila ulijumlisha saa za ndege, nawe ulipaswa kujumlisha saa za safari."

Wasomaji wapenzi, kosa la mzee huyu ni kosa la wengi wetu. Siku hizi kila mwenye simu aweza kuuliza umbali wa mji na mji, akajibiwa mara moja: kilometa kadha wa kadha, saa kadha wa kadha. Jibu lenyewe ni la kweli. Lakini ni jibu la swali la rubani, si la swali la baba mwenye jamaa wanaomngoja. Tutazame pamoja hesabu hii hatua kwa hatua, ili kila mmoja aweze kuifanya mwenyewe mezani pake.

Kilometa ngapi?

Chukua ramani ya nchi yetu iliyochorwa mistari. Mistari itokayo kaskazini kwenda kusini huitwa longitudo, na ile iendayo mashariki na magharibi huitwa latitudo. Bunia imo karibu kabisa na longitudo ya 30 ya mashariki. Kinshasa imo karibu kabisa na ile ya 15. Tofauti yao ni digrii 15. Tena Bunia iko kaskazini ya Ikweta kwa digrii moja na nusu hivi, na Kinshasa iko kusini ya Ikweta kwa digrii nne na theluthi. Jumla yake ni karibu digrii 6.

Mzingo wa dunia penye Ikweta ni kama kilometa 40,000. Ukiugawanya kwa digrii 360, kila digrii ni kilometa 111. Karibu na ncha za dunia mistari ya longitudo hukaribiana, na hesabu huwa ngumu. Lakini nchi yetu imelala juu ya Ikweta, ndiyo maana hesabu hii nyepesi yatufaa.

Sasa mfikirie mtoto anayevuka kiwanja cha mpira kutoka pembe moja hata pembe ya pili. Hafuati mstari wa pembeni, bali hukata katikati. Ndivyo ndege ifanyavyo. Upande mmoja wa kiwanja chetu ni 15, upande wa pili ni 6. Kumi na tano mara kumi na tano ni 225, sita mara sita ni 36, jumla 261. Nambari ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake hutoa 261 ni 16 na kitu kidogo. Zidisha 16 kwa 111, utapata 1,776. Na kweli, vipimo vya marubani kutoka uwanja wa Murongo hapa Bunia hata uwanja wa N'djili kule Kinshasa ni kama kilometa 1,770. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuikaribia kazi ya wataalamu kwa penseli na karatasi.

Kilometa 1,770 si haba. Kutoka Bunia hata Mombasa, penye Bahari ya Hindi, ni kama kilometa 1,215 kwa njia ya angani. Hata Dar es Salaam ni kama kilometa 1,370 tu. Nairobi iko kilometa 810 hivi, na Entebbe 300. Maana yake ni kwamba mtu wa Bunia yuko karibu zaidi na bahari ya mashariki, katika nchi za watu wengine, kuliko mji mkuu wa nchi yake mwenyewe. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila anayeshangaa kwa nini bidhaa za dukani, na hata baadhi ya maneno yetu, yametufikia kutoka mashariki.

Njia ya nchi na njia ya maji

Lakini huo ni mwendo wa ndege tu. Anayekwenda kwa miguu ya gari hupita Komanda, Mambasa, Epulu penye hifadhi ya okapi, Nia-Nia na Bafwasende, ndipo afike Kisangani. Kwa ndege, Bunia na Kisangani zimeachana kilometa 556 hivi. Kwa barabara ni kama 700, maana barabara huzunguka vilima na kutafuta penye madaraja. Kutoka Kisangani hata Kinshasa njia ya zamani ni mto. Kwa ndege ni kama kilometa 1,225, lakini mto wetu mkubwa hupanda kwanza kaskazini, ukajipinda magharibi, kisha ukateremka kusini na kuvuka Ikweta mara ya pili. Kwa hiyo mwendo wa majini wazidi kilometa 1,700. Ukijumlisha barabara na mto wapata kilometa 2,400 na zaidi.

Tena si urefu tu. Mvua ikinyesha, lori moja lililokwama katika udongo wa msitu huzuia malori yote yaliyo nyuma yake, na matishali ya mtoni huenda majuma kwa majuma. Juu ya hayo, kwa miaka mingi sasa watu wa Ituri wameuawa na kunyang'anywa mali katika barabara zao wenyewe. Hivyo wengi wanaopanda ndege hawapandi kwa anasa. Mzee jirani yetu aliuza ng'ombe wawili ili apate tiketi, naye hajawahi kuitwa tajiri.

Ndege gani?

Swali la pili ni la mwendo. Watu husema "ndege" kana kwamba ndege zote ni moja. Ndege ndogo ya injini moja kama Cessna Caravan, inayojulikana sana katika viwanja vya Ituri, huenda kama kilometa 300 kwa saa. Ndege kubwa kidogo yenye mapanga mawili huenda kama 500. Ndege ya jeti huenda kama 800. Gawanya sasa 1,770 kwa kila nambari. Jeti yahitaji saa mbili na robo. Ndege ya mapanga yahitaji saa tatu na nusu. Ile ndogo ingehitaji karibu saa sita, tena ingepaswa kutua njiani kuongeza mafuta.

Hata hivyo hakuna ndege inayokwenda kasi yake yote tangu dakika ya kwanza. Yatembea polepole mpaka mwanzo wa njia yake ya kurukia, yapanda, na mwisho yashuka kwa mwendo mdogo. Ndiyo sababu ile saa mbili na robo ya jeti huwa mbili na nusu. Nayo mawingu yana amri yake. Bonde la Kongo ni mojawapo ya mahali penye radi nyingi kupita pote duniani, na mawingu ya dhoruba hujengeka hasa baada ya mchana. Rubani mwenye akili huyazunguka, wala abiria mwenye akili hamnung'unikii.

Jambo jingine ni uzito. Uwanja wa Bunia uko juu, kama meta 1,230 kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na jua likiwa kali huwa nyepesi zaidi. Mabawa hupata nguvu kidogo, nayo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kwa hiyo mizigo hupimwa kwa uangalifu, na katika ndege ndogo hata abiria mwenyewe hupandishwa mizani. Mama aliyefunga magunia matatu ya maharagwe kwa ajili ya wanawe asikasirike akiambiwa moja litabaki. Si ukali wa mpimaji. Ni hewa yenyewe iliyokataa.

Kutua njiani

Swali la tatu ni hili: je, ndege yaenda moja kwa moja, au yatua Kisangani? Hapa ramani yaweza kumdanganya mtu. Tumesema Bunia mpaka Kisangani ni kilometa 556, na Kisangani mpaka Kinshasa 1,225. Jumla ni 1,781. Kupita Kisangani basi kwaongeza kilometa kumi na moja hivi tu, maana mji huo umekaa karibu kabisa na mstari ulionyoka. Anayetazama kilometa atasema, "Hakuna tofauti."

Lakini kutua si kilometa. Kutua ni kushuka, kufungua mlango, kuteremsha watu na mizigo, kupakia wengine, kujaza mafuta, kuhesabu abiria tena, kisha kupanda upya. Kilometa kumi na moja zimezaa saa nzima na zaidi. Hapa ndipo twaona wazi kwamba umbali na muda si ndugu mapacha.

Jua la Bunia na jua la Kinshasa

Swali la nne huwasumbua hata wasomi. Nchi yetu ni kubwa hata ina saa za namna mbili. Kinshasa na majimbo ya magharibi hufuata saa moja. Sisi wa mashariki tumetangulia kwa saa nzima. Kisangani, ingawa iko mbali nasi, hufuata saa ya mashariki kama Bunia.

Si amri ya serikali tu. Ni kazi ya dunia yenyewe. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa kila saa. Tuliona kwamba Bunia imo karibu na longitudo ya 30 na Kinshasa karibu na ya 15. Tofauti ni digrii 15, yaani saa moja barabara! Jua likisimama juu ya vichwa vyetu hapa Bunia, watu wa Kinshasa huchelewa karibu saa nzima kabla nao hawajaliona mahali hapo. Ni miji michache inayolingana na saa zake vizuri namna hii.

Basi, anayeondoka Bunia saa tatu asubuhi kwa ndege isiyotua, baada ya saa mbili na nusu saa yake ya mkononi yasema tano na nusu. Lakini saa ya ukutani Kinshasa yasema nne na nusu. Atadhani amekwenda kwa saa moja na nusu tu. Akirudi, mambo hugeuka. Akiondoka Kinshasa saa sita mchana, hutua Bunia saa tisa na nusu. Sasa atadhani ndege imekuwa mvivu, kumbe ni saa mbili na nusu zilezile. Tena ajue kwamba jua huzama hapa kwetu karibu saa kumi na mbili ya saa yetu, wakati Kinshasa bado ni saa kumi na moja na mwanga ni tele. Ndege iliyochelewa kuondoka kule hukimbizana na usiku unaotoka mashariki.

Wanaokwenda Entebbe nao wakumbuke: Uganda imetutangulia sisi kwa saa moja. Ukiondoka Bunia saa tatu, ukavuka Ziwa Alberti kwa ndege ndogo na kuruka muda wa saa moja, utatua Entebbe saa tano kwa saa ya huko, si saa nne. Mtu aliyekusudia kuunga ndege nyingine hapo asipokumbuka neno hili, ataona mkia wake tu.

Siku ya mzee yahesabiwa upya

Nilipokwisha kumweleza mzee haya, nilichukua karatasi nikamwomba anisimulie siku yake yote, nami nikaandika kwa saa ya Bunia.

Alitoka mlangoni pake saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu abiria waliambiwa wafike mapema kupimwa mizigo. Ndege ya saa tatu haikuwa imefika. Ilikuja imechelewa, ikaondoka saa tano. Saa sita na robo ilitua Kisangani. Ikakaa huko saa moja na nusu, ikaondoka saa nane kasoro robo. Ilitua Kinshasa saa tisa na dakika thelathini na tano kwa saa yake ya mkononi, yaani saa nane na dakika thelathini na tano kwa saa ya huko. Maiti ilikuwa imekwisha ondolewa nyumbani. Kisha alingoja sanduku lake, akatafuta gari, akaingia katika barabara ya N'djili pamoja na magari yote ya mji wa mamilioni ya watu. Saa mbili nyingine zikaisha.

Tukajumlisha. Kutoka mlango wake mpaka kaburi la mdogo wake: saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Katika hizo, angani alikuwa saa tatu na dakika tano tu. Robo ya safari ilikuwa ya ndege. Robo tatu zilikuwa za kungoja, kupanga mstari na kukaa barabarani. Hata ile saa moja aliyopewa bure na jua haikutosha kumwokoa.

Mzee alitazama karatasi kwa muda. "Kumbe," akasema, "nilihesabu robo nikaiita zima."

Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani

Neno hili si geni. Tarehe 28 Juni 1887 Stanley aliondoka Yambuya, katika mto Aruwimi, pamoja na mamia ya watu, wengi wao wapagazi wa Zanzibar, apate kumfikia Emin Pasha. Alitokea penye Ziwa Alberti tarehe 13 Desemba mwaka huohuo. Miezi mitano na nusu katika msitu wa Ituri, na watu wengi walikufa humo kwa njaa, maradhi na mishale. Mwendo huo, ukiupima kwa kamba iliyonyoka juu ya ramani, haufiki kilometa 700. Ndege ya leo huuvuka msitu huo kwa saa moja hivi, na abiria wengine husinzia. Hatufai kusahau kwamba chini ya usingizi wetu wamelala wapagazi wale, ambao wengi wao walisema lugha hii tuisemayo.

Hata eropleni ya kwanza iliyotoka Ubelgiji ikafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, ilifundisha somo lilelile. Rubani Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925, wakafika tarehe 3 Aprili. Siku 51! Na katika siku hizo zote, saa walizokuwa angani kweli zilikuwa kama 75, yaani siku tatu na kidogo. Siku nyingine zote zilipita ardhini. Angeulizwa Thieffry, "Kutoka Brussels hata Kongo ni saa ngapi?" angeweza kujibu "sabini na tano," naye asingekuwa mwongo. Lakini ole wake ambaye angemwekea chakula mezani kwa hesabu hiyo.

Mashauri kwa jamaa

Basi, wazazi na vijana, kabla ya kutuma habari kwa wanaowangoja, jiulizeni haya.

Kwanza, hesabu kutoka mlango mpaka mlango, si kutoka uwanja mpaka uwanja. Andika saa ya kutoka nyumbani na saa ya kuingia nyumbani. Saa za angani ziweke katikati kama sehemu moja tu ya safari.

Pili, uliza aina ya ndege na mahali inapotua. Usitosheke na neno "yaenda Kinshasa."

Tatu, kila unapoandika saa, andika na jina la mji kando yake: "saa nane ya Kinshasa," "saa tisa ya Bunia." Maneno mawili hayo huokoa ugomvi mwingi, hata wa simu.

Nne, usitie siku ya ndege na siku ya shughuli katika kikapu kimoja. Anayekwenda kufanya mtihani, kupasuliwa hospitalini, kusimama mbele ya hakimu au kuoza binti, afike siku iliyotangulia, na akiweza, mbili. Gharama ya kulala usiku mmoja zaidi ni kubwa kwa maskini, najua. Lakini gharama ya kukosa ni kubwa kuliko hiyo, nayo hailipwi kwa fedha.

Tano, kama ni msiba, waambieni jamaa siku, wala msiwaambie saa. Semeni, "Nikijaliwa nitafika Jumatano; zikeni Alhamisi." Na kama maiti haiwezi kungoja, semeni mapema, "Zikeni, nitakuja kuwafariji." Hakuna aibu katika neno hilo. Aibu na uchungu huingia pale tunapoahidi kwa saa ya ndege, wafiwa wakasimama juani wakitazama barabara, huku mzee wao amekaa juu ya kiti cha uwanja, mamia ya kilometa mbali nao, akihesabu vidole.

Miezi mitatu iliyopita binti wa marehemu aliolewa huko Kinshasa, na baba mkubwa aliitwa asimame mahali pa baba yake. Safari hii mzee alikuja kwangu na karatasi yake mwenyewe. Ilikuwa na mistari miwili iliyopigwa kwa rula: upande mmoja "Saa ya Bunia," upande wa pili "Saa ya Kinshasa." Alikuwa amejaza yote, kungoja na kutua na barabara ya N'djili, wala sikuona pa kusahihisha. Chini kabisa aliandika kwamba atafika siku mbili kabla ya arusi.

Ndege ilichelewa tena. Haikuondoka siku ile kabisa, ikaondoka kesho yake. Mzee akafika usiku wa kuamkia arusi, akala, akalala, na asubuhi akamshika mkono mtoto wa mdogo wake akamtoa nyumbani.

Aliporudi nilimwuliza kama alichoka kwa kungoja. Akacheka. "Mwalimu," akasema, "safari ya kwanza waliningoja wao. Safari hii nilingoja mimi. Ni afadhali hivi."